Bonde Lililokauka Kwenye Kompyuta

Jua halijakolea, lakini Mama Rangi keshavua viatu na kuvisukuma chini ya meza. Ndivyo anavyofanya kazi: miguu mitupu sakafuni, karanga kwenye kifuniko cha chupa ya chai, na kompyuta inayounguruma karibu na magoti yake. Kwenye kioo, bonde la mboga linajipaka rangi polepole, pembe hadi pembe. Linamalizika likiwa buluu tupu, rangi ya unyevu.

Anashusha pumzi. Lile balaa limekwisha, lakini bado anashusha pumzi kila akiliona bonde hilo.

Jina la Mama Rangi alibandikwa na wenzake wa ofisi ya ramani, wala halimkeri. Kazi yake ni kuchukua vipimo vya mwanga vinavyotumwa na setilaiti na kuvigeuza kuwa picha ambazo hata asiye mtaalamu anaweza kuzisoma.

"Setilaiti haitumi picha kama za harusi," anasema akicheka. "Inatuma matabaka ya namba. Kila tabaka ni aina moja ya mwanga, na aina nyingine jicho lako haliioni kabisa. Mimi nazidisha, najumlisha, natoa, mpaka nijue wapi pana udongo mtupu, wapi pana majani na wapi pana unyevu."

Huo unyevu ndio nusura umtoe roho.

Idara ya maji ilitaka kujua kama bonde la mboga bado linashika maji. Kama limekauka, mfereji unaolilisha ungefungwa na maji yapelekwe kwingine. Wakulima wangebaki kutazamana. Mmoja wao ni mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa darasa la kwanza kwa kabichi na vitunguu vya bonde hilohilo.

Picha ikatoka kahawia. Bonde zima limekauka. Mkuu wa kitengo aliitazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaituma idara ya maji siku ileile.

"Nilikwenda msalani nikalia," anasema bila kuficha. "Nikanawa uso, nikampigia mama mdogo. Nilitaka asikie kwangu, asisikie kwa watu."

Mama mdogo hakumpa hata nafasi ya kumpa pole.

"Kumekauka wapi?" alifoka. "Mwanangu, hapa ninapoongea nawe niko kwenye tope mpaka vifundoni, na kiatu changu kimoja kimeshamezwa! Hiyo setilaiti yako imelewa?"

Mama Rangi alirudi mezani mbio. Kwenye picha akalitafuta bwawa la mji, analolipita kila asubuhi akija kazini, ambalo uso wake wote umefunikwa na magugumaji. Nalo lilikuwa kahawia! Kila palipokuwa na majani mabichi mengi, ndipo palipoonekana pakavu zaidi.

Kosa lilikuwa lake. Setilaiti ya zamani ilikuwa imestaafu, na hii mpya ina tabaka moja la ziada mwanzoni. Yeye alitumia hesabu zilezile za zamani, kwa hiyo kila namba ikazidishwa na tabaka la jirani badala ya lake.

"Ni kama kufunga shati ukakosea kifungo cha kwanza," anasema. "Vyote vinafungika, lakini shati limekwenda upande."

Sasa ikaja kazi ngumu zaidi. Picha imeshafika kwa wakubwa, na akiibadilisha yeye mwenyewe, nani atamwamini akijua mama mdogo wake analima wapi? Alikwenda kwa mkuu akayatapika yote.

"Mkuu, nimeharibu. Na mama yangu mdogo ana shamba humohumo bondeni, kwa hiyo sitaki kuigusa tena. Naomba uipige hesabu upya wewe."

Mkuu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alitafuta hesabu za setilaiti mpya, akamtoa nje na kufunga mlango. Mama Rangi akabaki koridoni, anakwenda huku anarudi huku, miguu mitupu.

Mlango ulipofunguliwa, mkuu alikuwa anatabasamu. Wenzake wanaapa kwamba jambo hilo halitokei kila mwaka.

"Kavae viatu vyako," alisema. "Bonde liko chepechepe."

"Sikungoja kiti," anakumbuka. "Nilikaa palepale sakafuni, nikacheka kama mwehu."

Idara ya maji ilipelekewa picha sahihi na maelezo ya kosa lenyewe. Mfereji haukufungwa. Mama Rangi alipewa onyo.

"Nimelipokea kwa mikono miwili," anasema. "Wangenipa hata matatu, ningeshukuru."

Sasa ameiomba ofisi isitoe picha yoyote ya unyevu kabla mtu hajaenda kukanyaga mahali penyewe. Mkuu amekubali, kwa sharti kwamba Mama Rangi ndiye atakayetangulia. Jumamosi hii anakwenda bondeni na picha iliyochapishwa, kubwa ya kutosha kufunika meza. Mama mdogo ameshatoa agizo lake.

"Niwekee alama pale kiatu changu kilipozama," kamwambia kwenye simu. "Kama setilaiti yako imelevuka, itakuwa imekiona."

Mama Rangi anainama, anavuta mfuko uliojificha nyuma ya viatu vyake. Ndani mna mabuti ya mpira, jozi mbili. Moja ni yake. Nyingine ameinunua kwa kukisia ukubwa, akiukumbuka mguu uliokuwa ukitangulia mbele yake kila asubuhi njia ya shule.