Nusu Nyeupe ya Ubao wa Thornacre

Dada yangu Jemima Tuckwell alikuwa na mkono mtulivu kuliko watu wote wa Stokeley, na kichwa kigumu kuliko nyumbu wa mwenye kinu. Mkono ndio uliotulisha. Kichwa ndicho kilichotufukuzisha nyumba. Watu wakiniuliza habari zake hutaka kusikia ya mkono tu, lakini mimi niliyeishi naye tangu utotoni siwezi kuvitenganisha.

Alikuwa mchora nembo. Magari ya farasi ya wakubwa wa upande wetu wa Shropshire, Uingereza, wale simba na ngao mlangoni, mengi yalikuwa kazi yake. Ila kazi yenyewe hasa ilikuwa mbao za misiba. Mkubwa akifa, ubao wenye nembo yake hutundikwa juu ya mlango wa mbele, umesimama kwa pembe yake moja, ukakaa hapo mwaka mzima kabla ya kupelekwa kanisani. Hauandikwi jina la mtu. Apitaye njiani anausoma akiwa juu ya farasi wake: nyuma ya nembo, nusu ya kushoto ni ya mume, nusu ya kulia ni ya mke. Nusu ya aliyekufa hupakwa nyeusi, ya aliyebaki hupakwa nyeupe. Ukiona ubao wa mwanamume ni mweusi wote, basi marehemu hakuacha mke.

Mimi kazi yangu ilikuwa kusaga rangi na kugomba.

Tulilelewa na mama bila baba. Tuckwell ni jina la mama. Siku ya ubatizo wa Jemima kasisi aliuliza jina la baba mbele ya kanisa zima, mama akainamisha kichwa, kasisi akapaacha patupu. Nilipozaliwa mimi hakujisumbua hata kuuliza. Shuleni tuliitwa wana haramu mchana kutwa, mpaka mimi nikazoea. Jemima hakuzoea. Alikuwa anakaa kimya anatafuna mkate wake, lakini ungemwangalia mishipa ya shingo ungejua.

Basi, Agosti ile ya ukame, Lodi Thornacre akafa.

Alikuwa mzee mjane, na mwaka uliotangulia alikuwa ametushangaza wote kwa kumwoa Susannah Fell, binti wa mlinzi wa lango la ushuru barabarani. Walikwenda kuoana Uskoti, ambako watu wawili wakitamka mbele ya mashahidi kwamba wao ni mume na mke, imetosha, hakuna kasisi wala cheti. Waliporudi, Lodi alimleta mwenyewe karakanani kwetu, amemshika mkono.

"Tuckwell," akasema, "huyu ni mke wangu. Nataka gari lake lichorwe nembo yangu. Kwao hawana nembo, sasa anayo."

"Hongera, Mheshimiwa," alisema Jemima. "Hongera, Bi Mkubwa."

Susannah akaona haya mpaka masikio yakawa mekundu. "Jamani Jemima, Bi Mkubwa gani? Si juzi tu tulikuwa tunagombania mkate wa mwisho kwa mwokaji?"

"Mwite hivyo hivyo," Lodi alicheka. "Atazoea."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, nikiwa na mchi mkononi. Na sasa mwenye kuyasema alikuwa amelala sebuleni kwake kati ya mishumaa, na Susannah ana mimba ya miezi saba.

Kapteni Lucius, mdogo wake marehemu, aliwasili kabla maiti haijapoa vizuri. Hesabu yake hata mtoto angeielewa. Susannah akizaa mtoto wa kiume, kichanga hicho ndicho Lodi mpya, na Kapteni arudi alikotoka. Lakini ikionekana hapakuwa na ndoa, mtoto awe wa kiume au wa kike si kitu, ni mwana haramu tu, na mama yake ni hawara wa kufukuzwa. Alikuja karakanani amevaa glavu nyeusi za msiba, akasimama mlangoni kana kwamba sakafu yetu ingemwambukiza ugonjwa.

"Ubao uwe mweusi," akasema. "Wote."

"Marehemu ameacha mke, Kapteni," Jemima akamjibu.

"Ameacha msichana wa lango la ushuru. Yuko ghorofani, na jeneza likitoka ataondoka."

"Marehemu mwenyewe alisimama hapo ulipo akasema..."

"Marehemu hasemi tena." Akatazama dari letu, taratibu, boriti kwa boriti. "Hii nyumba ni ya shamba la Thornacre, siyo? Na magari mnayochora, mengi ni ya rafiki zangu. Wakubwa wote wa jimbo watapita chini ya ubao ule. Wakiuona na kunyamaza, wamekubali. Ikija kesi, mahakama huupokea ubao wa msiba kama ushahidi wa ukoo. Kwa hiyo usinikosee, mama."

Alipoondoka nilifunga mlango nikamgeukia dada yangu.

"Paka nyeusi."

"Dorcas."

"Paka nyeusi, nakwambia! Ya wakubwa waachie wakubwa. Mzee Enoch aliyeendesha gari lao mpaka Uskoti, aliyekuwa shahidi mwenyewe, amenyamaza kwa sababu ameahidiwa nyumba ya uzeeni. Yeye mwanamume! Wewe nani?"

"Yule mtoto atabatizwa," akasema. "Kasisi atauliza."

"Na sisi tutalala wapi? Kichakani?"

Akawasha moto, akaanza kazi, nami nikashukuru Mungu nikidhani maneno yameingia. Alichora nembo vizuri ajabu. Kisha akapaka nusu ya kushoto nyeusi, akapaka nusu ya kulia nyeupe kwa rangi ya mafuta, akauacha ubao jikoni ukauke. Nikaona sawa, labda nyeupe ni ya kutandika chini ya nyeusi. Ilipokauka kabisa akaipaka nyeusi juu yake. Ubao mzima ukawa mweusi. Nilipopita nyuma yake nikasikia harufu ya gundi ya ngozi.

Rangi ya mafuta hainuki gundi. Masizi yaliyokorogwa kwa maji na gundi ndiyo yananuka hivyo, na hayo yakipata mvua hayabaki.

"Jemima! Umefanya nini?"

"Nimepaka nyeusi, kama ulivyoniambia," akasema, amejifanya hamnazo. "Hii ni Uingereza. Mvua itanyesha. Mbele ya wageni wote itajiosha yenyewe, na mimi nitasema ilikuwa rangi mbovu. Nani atanifanya nini?"

Nikarudi kwenye mchi wangu, nikagomba mpaka usiku.

Kapteni alikuja kuukagua. Aliinama, akaunusa hata, lakini pua yake haikujua gundi ya karakana. Halafu akanyoosha kidole akasugua nusu ya kulia, akasugua tena. Mimi nilikuwa nimeshika meza. Masizi yale yakisuguliwa huacha alama, na yaliacha, ila glavu yake ilikuwa nyeusi. Akaitazama ncha ya kidole, hakuona kitu.

"Kazi safi," akasema.

Ubao ukatundikwa. Na mvua, mvua ya Uingereza inayotunyeshea kwenye harusi na kwenye mavuno, ikagoma. Mbingu buluu kama sahani. Jemima alikuwa akitoka nje kila mara kutazama juu, anarudi, anakunywa chai, anatoka tena. Siku ya mazishi ikaamka na jua kali kuliko zote.

"Imekwisha, dada," nikamwambia njiani. "Umejaribu. Mungu mwenyewe kaona."

Uwanja wa Thornacre ulijaa magari meusi. Wakubwa waliingia na kutoka, na kila mmoja akifika mlangoni aliinua macho kwenye ubao, akausoma, akashusha macho. Hakuna aliyeuliza. Lodi Brackenbury, jirani mzee ambaye pia ni hakimu, aliutazama muda mrefu kidogo kuliko wenzake, akakunja uso, naye akapita. Pale ndipo nilipoelewa Kapteni alivyokuwa na akili ya kishetani. Kila kichwa kilichoshuka kilikuwa kinamfukuza Susannah.

Jeneza likatolewa. Nyuma yake, kwenye kivuli cha ukumbi, nikamwona Susannah amesimama na koti la safari, kifurushi miguuni, mikono yote miwili tumboni. Hawakumpa hata kitambaa cheusi cha mjane. Walinzi wawili wa Kapteni walisimama kando yake, wanangoja jeneza lipite wamtoe.

Nikageuka nimwambie Jemima tuondoke. Hayupo.

Lo! Nilimwona ameshika ndoo ya maji ya farasi. Ngazi ya watu waliofunga vitambaa vya msiba ilikuwa bado imeegemezwa pembeni mwa mlango, na dada yangu, mwanamke wa miaka hamsini na tatu mwenye magoti mabovu, alikuwa anaipanda na ndoo yake, sketi ameichomeka kiunoni.

"Mshusheni huyo!" Kapteni alifoka. "Kalewa huyo!"

Mkono mtulivu wa dada yangu ukachovya tambara ndooni, ukapita juu ya nusu ya kulia, mara moja kutoka juu mpaka chini. Maji meusi yakatiririka ukutani, yakawadondokea wabeba jeneza mabegani. Chini yake ikatokea nyeupe. Akachovya tena. Mtu mmoja alishika ngazi akaitikisa, nami, sijui miguu ilinipelekaje, nikamrukia nikamng'ata mkono. Ndiyo, nilimng'ata. Mimi niliyesema tukae kimya.

"Simamisheni jeneza," alisema Lodi Brackenbury. Hakupaza sauti. "Mama, ni nani aliyekuagiza nyeupe?"

"Marehemu, Mheshimiwa." Jemima alikuwa anatetemeka juu kule, lakini si mkono. "Alimleta karakanani kwangu akasema, huyu ni mke wangu. Kapteni akaniagiza nyeusi. Nikaificha nyeupe nikingoja mvua, maana niliogopa. Mvua haikuja."

"Neno la mpaka rangi!" Kapteni alicheka, cheko kavu. "Mwana haramu anamtetea mwana haramu mwenzake!"

Nilimtazama Mzee Enoch, kwenye kiti cha gari la maiti, kofia yake ikiwa na utepe mweusi. Nilimkazia macho kama ninamdai roho. Akatazama magoti yake. Akatazama ubao. Kisha akavua kofia.

"Nilikuwepo," akasema. "Uskoti, kwenye kibanda cha mhunzi, ndiko walikotamka. Nilikuwa shahidi. Marehemu alimwita, mke wangu, na yeye akamwita, mume wangu, nami nikala keki yao." Akaanza kulia, mzee mzima. "Nisamehe, Bi Mkubwa."

Lodi Brackenbury akapanda ngazi za mawe za mlangoni, akamtolea Susannah mkono. Kifurushi kikabaki pale pale sakafuni.

Sisi tulifukuzwa kabla ya majani kwisha kupukutika. Kisheria ilikuwa haki yake Kapteni, kwa sababu, ngoja nikwambie, mtoto aliyezaliwa Oktoba alikuwa wa kike. Wa kike! Ulodi haukumfikia, ukamwendea yule yule Kapteni, pamoja na shamba na dari letu. Susannah akapata nyumba ya wajane na heshima yake, basi. Nilikuwa nikifunga vyungu vya rangi kwenye majani makavu ili tuhame, nikavitupa chini nikalia kwa hasira.

"Yote yale! Nyumba, kazi, magoti yako! Kwa ajili ya kasichana ambacho hakirithi hata kijiko!"

Jumapili ile Jemima alinivuta mpaka kanisani kwenye ubatizo, tukasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Susannah alimshika mtoto juu ya maji. Kasisi, kijana mgeni asiyejua lolote, akauliza kwa sauti yake ya kawaida jina la baba.

"Henry, Lodi Thornacre," alijibu Susannah. "Mume wangu."

Kasisi akaandika, akaendelea na kazi yake. Jemima alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu mkono ule ulikuwa unatetemeka.