Mkia wa mambamuntu

Usiku sana nilisikia karatasi ikikwaruza chini ya kitanda, nikamkumbatia mtoto. Kumbe ni bwana yangu anaficha picha ya chaki za rangi aliyoipata darini mwa nyumba ya wazungu wa zamani: mwanamke mwenye mkia wa samaki.

"Weye, unaleta mambamuntu mu nyumba yenye mtoto? Si anatoa feza, kisha anadai mtoto?"

"Ni karatasi tu, mama. Mnunuzi anakuja asubuhi."

Bwana yangu aliposinzia, nilichukua kitambaa cha mtoto nikafuta mkia wote.

Asubuhi mnunuzi, papa mmoja, mzee wa miwani, aliinamia picha. Bwana yangu akaona mkia haupo, akashika kichwa.

"Nilikuja kukuambia sitainunua," akasema papa. "Bibi yangu wa ndoa hataki mambamuntu mu salon, pale tunakaribisha wageni. Lakini huyu hana mkia, anaoga tu. Namchukua."

Akalipa. Halafu akaona kitambaa cha mtoto, kimejaa chaki ya buluu, akaweka kidole juu ya midomo.

"Miye sijaona kitu, mama," akaninong'oneza.

Bwana yangu sasa anaamini mkia ulirudi ziwani wenyewe. Bahati yangu hasomi gazeti hili ninaloliandikia. Nje ya ninyi wasomaji, naahidi, sitamwambia muntu mwingine.