Ndoo Iliyokataa Kutakata

Mume wa dada yangu ana kadi za kazi nene, zenye herufi za rangi ya dhahabu, na alikuwa na tabia ya kusimamisha moja nyuma ya bilauri ya bia na kukuambia usome. Ukiweza kusoma cheo chake kupitia bia, bia imefaulu. Usipoweza, alimwaga bilauri kwenye maua na kurudi gereji amekunja uso. Sijaona mtu mwingine anayepima kinywaji kwa cheo chake.

Gereji yenyewe iko Golf, mtaa wa wenye pesa, nyuma ya nyumba yenye ukuta mrefu na mlinzi. Magari yalilala nje kwenye jua la Oktoba ili ndoo zilale ndani: ndoo nyeupe za plastiki zenye vifuniko, mipira ya kuhamishia bia, kipimajoto, mifuko ya kimea cha shayiri kilichokuja kwa ndege. Shemeji alionja bia ya kupikwa nyumbani katika safari fulani ya kazi, na tangu siku hiyo hakunywa tena ya kiwandani mbele ya watu. Faraghani alikunywa. Chupa tupu nilikuwa naziona.

Kilichomtesa ni ukungu. Bia yake ilikuwa na ladha ya kawaida, haikumdhuru mtu, lakini ilitoka na weupe fulani ndani yake, chachu iliyokataa kuzama. Kwa mpishi mwingine ukungu ni ukungu tu. Kwake ulikuwa Kampemba. Huko, katika mtaa wa watu wa kawaida, ndiko mama yake alikomlea kwa kupika pombe ya mahindi, ile nzito, inayonywewa kwa kopo la plastiki na ambayo funda la mwisho unalitafuna. Karo yake yote ilitoka ndani ya pipa lile. Mtaa mzima ulilijua hilo, na yeye alihamia mahali ambapo hakuna aliyelijua.

"Angalia, bofrère," aliniambia siku moja, akiniita shemeji kwa Kifaransa, bilauri mkononi. "Hii iko sawa na ya kule."

"Ya kule wapi?"

"Unajua muzuri."

Nilijua. Nilitaka tu aseme.

Mama yake alifariki mwaka jana. Kwa desturi ya ukoo wao, binti wa mwisho huvaa nguo nyeusi mpaka siku ya pombe ya kuondoa kilio, yaani kumaliza matanga. Binti huyo, dada mdogo wa shemeji, anauza samaki wakavu na nyanya katika soko la Kampemba, au tuseme alikuwa anauza, kwa sababu hakuna anayenunua chakula kutoka mkono wa mtu mwenye kilio. Meza yake aliitunza jirani yake wa sokoni. Mwanzoni jirani alisema "meza ya rafiki yangu." Kufikia Septemba alikuwa anasema "meza yangu ya pili."

Pombe ya kuondoa kilio lazima ipikwe na mtoto wa marehemu, na aliyevaa nyeusi haruhusiwi kugusa moto wake. Watoto walikuwa wawili tu, kwa hiyo alibaki shemeji. Pombe ikishanywewa, machicha ya chini hupakwa kwenye paji la uso la watoto wa marehemu, na hapo binti huvua nyeusi. Yote hayo yafanyike kabla ya mvua. Mvua zikishaanza, kilio hakiondolewi. Kinangoja zikatike, na kwetu hazikatiki mpaka Aprili.

Mdogo wa marehemu, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, ndiye aliyesimamia. Alikuja Golf kumwomba. Shemeji alikubali kwa furaha iliyonitia shaka. Baadaye nilielewa: aliwaalika wakubwa wa ofisini kwake.

Hapo ndipo jelatini ilipoingia. Ni unga unaotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Unauyeyusha katika maji ya moto, unaumimina ndani ya bia iliyopoa sana, nao unazikamata chembe za chachu na kuzivuta chini, mpaka juu inabaki bia inayong'aa. Maji yasichemke, kwa sababu jelatini iliyochemshwa hupoteza nguvu ya kukamata. Maelekezo yalisema hivyo kwa Kifaransa safi, lugha ambayo shemeji huitumia kuwasahihisha wengine. Ndoo ya kwanza aliichemshia jelatini kama mtu anayepika supu. Ikakaa na ukungu wake, wala haikujali. Aliifunika kwa shuka kuukuu na kuificha katika chumba cha uani.

Ndoo zilizofuata alizifanya kwa utaratibu. Umeme ulipokatika, na hukatika, jenereta ilinguruma usiku na mchana ili firiji kubwa isipate joto. Nyama aliyoiweka dada yangu ilitolewa humo ikapelekwa kwa majirani, ndoo zikaingia. Bia ikatakata. Akaihamishia kwenye chupa bila kutikisa, kisha akafanya lile ambalo hakuna aliyefikiria kumkataza, kwa kuwa katika ukoo wao hapakuwahi kuwa na pombe iliyotengana na machicha yake. Aliyamwaga kwenye mfereji na kusugua ndoo kwa dawa ya kufulia.

Siku ilifika, Jumamosi, joto la kubana kifua. Wageni wa ofisini walikaa kivulini upande wa bustani; watu wa Kampemba walipewa viti vya plastiki upande wa gereji. Mpaka haukuchorwa, ila kila mtu aliuona. Shemeji alipita na bilauri na kadi.

"Lisez, lisez," alisema, na wakubwa wake wakasoma cheo walichompa wenyewe, wakapiga makofi.

Kwenye viti vya plastiki alikuwapo mtani wa ukoo, mzee mmoja ambaye kazi yake katika kilio ni kutukana. Aliinua bilauri yake juani.

"Eh, mutoto! Mama yako alitupatia pombe ya kutafuna. Weye unatupatia ya kusomea!"

Watu walicheka sana. Shemeji alicheka kidogo, kwa meno ya mbele tu.

Kisha yule mama msimamizi akasimama na bakuli.

"Sasa leta chini."

"Chini gani, tantine?" shemeji akamuuliza mama yake mdogo.

"Machicha. Ya kubapakaa."

"Hii haina machicha. Njo kazi yote nilifanya. Iko propre, safi kabisa."

"Propre ya nani? Nibapakae nini ku paji? Maji ya bomba?"

"Mupakae kadi!" akapaza sauti mtani.

Safari hii hawakucheka wengi. Upande wa magharibi wingu lilikuwa limeshuka, jeusi, na upepo ulianza kuinua vumbi jekundu. Binti aliyevaa nyeusi alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitenge kipya kimekunjwa mapajani mwake. Alikuwa akitazama wingu.

Shemeji alitazama upande wa bustani. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeahirisha kikao:

"On peut reporter. Nitapika ingine."

"Reporter mpaka wapi?" akauliza mama. "Mvua ile pale. Unaiona ao hauioni?"

"Yaya," dada yake akamwambia kaka yake polepole, "ile meza yangu, mwezi wa ine sitaikuta."

Shemeji aliisikia sentensi hiyo. Nilikuwa karibu naye, niliona ameisikia. Na alijua, kama nilivyojua mimi na kama alivyojua mkewe, kwamba katika chumba cha uani iko ndoo aliyoipika kwa mikono yake mwenyewe, imejaa machicha. Alinyamaza. Nimewahi kumdharau kwa mambo mengi, kwa kadi, kwa Kifaransa chake, kwa jenereta inayopoza bia huku nyama ya nyumbani ikiomba hifadhi kwa majirani. Hayo yote ni upuuzi wa mtu mwenye pesa. Lakini ule ukimya ulikuwa kitu kingine. Alikuwa tayari dada yake akae katika nyeusi mpaka Aprili, mradi wakubwa wasione bia yenye ukungu.

Dada yangu ndiye aliyesema.

"Iko ndoo ku annexe, kule uani."

"Ile haiko bien," shemeji akajibu haraka.

"Iko na machicha?" akauliza mama.

"Mingi," dada yangu akajibu.

"Basi iko bien kuliko weye. Muilete!"

Tuliibeba mimi na dada yangu, mmoja kila upande, tukakatiza katikati ya bustani kwa kuwa njia nyingine hakuna. Shemeji alisema anaingia ndani kupokea simu. Simu yake ilikuwa mezani.

Mama alionja, akameza, akatikisa kichwa kukubali. Akamwaga kidogo chini kwa ajili ya marehemu, akagawa ya juu kwa watu wa ukoo, iliyobaki akaitenga kwenye jagi, kisha akainamisha ndoo. Machicha yalikuwa yameganda chini, mazito kama uji wa jana. Alitafuta cha kuyakwangulia. Mezani palikuwa na kadi, imara, yenye pembe nzuri. Akaichukua, akakwangua, ikatoka imepakwa mpaka kwenye dhahabu.

Binti alipakwa kwanza. Kisha shemeji aliitwa kwa sauti iliyopita ukuta, akatoka. Aliinamisha kichwa, akapakwa, na mkono wake ukaingia mfukoni kutafuta leso.

"Ukifuta, hatujamaliza," mama alimwambia.

Leso ikarudi mfukoni.

Mkubwa mmoja wa ofisini alisogea, akauliza ile ndoo ni ya nini. Nilingoja. Shemeji alinyoosha mgongo, paji lake limebandikwa kijivu, akasema:

"C'est artisanal, ya mukono. Haichujwe. Siku hizi kule Ulaya njo banakunywa hivi."

Akaagiza ile ya kwenye jagi imiminwe katika bilauri nzuri. Wakubwa walionja, wakasifu uzito wake mdomoni. Mimi nilikuwa bado na bilauri ya ile inayong'aa. Ilikuwa kama maji yaliyosimuliwa habari za pombe. Niliiacha juu ya ukuta wa maua.

Dada yake shemeji alitoka chumba cha uani amevaa kitenge, nguo nyeusi ndani ya mfuko wa plastiki. Chakula kilikuwa bado hakijapakuliwa. Aliniomba nimpeleke sokoni.

"Kula kwanza," nilimwambia.

"Nitakula kule."

Matone ya kwanza yalitupata njiani, makubwa, yenye harufu ya vumbi. Alifunika paji lake kwa kiganja mpaka tukafika. Jirani yake alikuwa ameketi katikati ya meza zote mbili. Alitazama kitenge, akatazama paji la uso. Dada yake shemeji aliondoa kiganja ili aone vizuri. Jirani aliinuka, akaanza kuhamisha mabeseni yake, moja moja, kutoka kwenye meza isiyo yake.