Selpha na Kiboksi cha Betri

Selpha Akello aliingia maabara yetu ya maji hapa Kisumu kuosha chupa. Mashine ya kupima maji kwa mwanga ilifika mwaka huohuo, na wawili hao wamezeeka pamoja. Yeye huiita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, na kila asubuhi humsalimu Dani kabla ya kunisalimu mimi, mkuu wake. Nimemkanya, bure. Kuosha chupa kulimfikisha kwenye kuzijaza, kuzijaza kukamfikisha kwenye kupima, na cheti cha ufundi wa maabara alikipata akiwa na watoto watatu. Kwa bidii sijaona wa kumpita. Kwa unyoofu, nitaeleza.

Dani alikuwa mzima, ila hakuwa na hata kitufe kimoja. Aliamriwa na kompyuta aliyokuja nayo, na kompyuta hiyo ilikuwa mahututi. Ikizimwa, huenda isiwake tena. Ndiyo maana nilibandika karatasi juu yake: USIZIME. Kiwanda kilichomtengeneza Dani kilifungwa zamani, na kitabu chake cha maelezo hakikutaja amri hata moja. Kamati ya kuondoa vifaa vibovu ilikuwa inakuja Ijumaa. Kompyuta ikifa, Dani angeuzwa kama chuma chakavu.

Selpha akanunua waya sokoni Kibuye, akauunganisha kati ya kompyuta na mashine, ncha nyingine akaichomeka kwenye laptopu ya binti yake. Kila neno ambalo kompyuta ilimwambia Dani likaonekana pale. Alikwenda jambo moja moja: anafungua trei, anaandika daftarini herufi zilizopita, anaifunga, anaandika. Daftari likafika amri thelathini na nane. Ilibaki ya kuwasha taa, na bila taa hakuna kipimo. Amri hiyo, kompyuta huitoa mara moja tu, inapoamka.

"Mzee, niizime kidogo halafu niiwashe," akaomba.

"Notisi inasemaje?"

"Inasema nisizime."

"Basi."

Jumatano saa nne asubuhi stima ikapotea. Kompyuta, ambayo ina kiboksi cha betri cha kuishikilia umeme unapokatika, ilizimika papo hapo. Stima iliporudi ikakoroma, ikaamka, ikasema maneno yake, kisha ikawa nyeusi moja kwa moja. Nilichungulia chini ya meza. Kiboksi hakikuwepo. Selpha alikuwa ameinamia daftari, akiandika amri ya thelathini na tisa huku akivumisha wimbo wa kwaya.

"Kiboksi kiko wapi?"

"Kabatini kwangu, Mzee. Nilikuwa nakipangusa vumbi."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

Ijumaa akaja Wesonga, mwenyekiti wa kamati, na kalamu nyekundu mkononi. Akamgonga Dani ubavuni.

"Kompyuta yake iko wapi?"

"Ilituacha Jumatano," akajibu Selpha kwa sauti ya mfiwa.

"Basi na huyu aifuate."

Selpha akaandika herufi nne kwenye laptopu. Trei ikachomoka, ikamgusa Wesonga tumboni. Alikuwa amesimama palepale Selpha alipomwonyesha. Kisha taa ikawaka. Selpha akapima tena chupa ya maji ya ufuo wa Dunga tuliyokuwa tumeipima Jumanne, na jibu likawa lilelile.

Wesonga akafunga kalamu. "Na ile kompyuta ilikufaje?"

"Stima ilipotea."

Nusu ya ukweli ni uongo uliovaa nguo za Jumapili. Sikuweza kuunyamazia.

"Selpha, maliza sentensi."

Akanigeukia. "Stima ilipotea, na kiboksi cha betri kilikuwa kabatini kwangu. Mimi ndiye niliyekitoa, bila kuizima kompyuta. Lakini notisi ya Mzee haikutaja kiboksi."

Wesonga akacheka mpaka akashikilia trei. "Mashine ibaki. Mama huyu mwandikie barua ya onyo."

Niliiandika siku hiyohiyo: mali ya umma si ya kuchezewa bahati nasibu, hata kama umeshinda. Selpha akaisoma yote, akasema ni ya haki, akachukua kalamu. Alipokuwa anatia sahihi, Dani akalia mara tatu, mlio mrefu.

"Hiyo ni nini?"

"Amri ya kumi na saba, Mzee. Bado naichunguza kazi yake."

Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye kalamu. Wa kushoto ulikuwa kwenye laptopu.