Bi Halo na Mmh ya Fundi

Asubuhi ya mwisho iliyofanana na nyingine, Bi Halo alimkuta mumewe barazani amepiga magoti mbele ya kochi, misumari midogo imejaa mdomoni. Mafundi makochi ndivyo wafanyavyo. Mkono mmoja unavuta kitambaa, wa pili umeshika nyundo, basi misumari inakaa midomoni na kutolewa mmoja mmoja.

"Chai tayari. Unakunywa sasa?"

"Mmh," alisema fundi.

"Haya, maliza kwanza upande huo. Na sukari nimepunguza, usije ukaninunia."

"Mmh!"

"Nuna tu, umezoea."

Mtu mwingine angesikia mmh mbili za namna moja. Bi Halo alisikia ya kwanza ikisema ndiyo, lakini ngoja, na ya pili ikisema umeanza tena. Hakukosea. Ndoa yao yote walizungumza hivyo, yeye kwa maneno, mumewe kwa pua.

Kochi lenyewe lilikuwa la kwao. Fundi alikuwa amemwahidi tangu binti yao akiwa mchanga, na kila mara kazi ya mteja ikapita mbele. Sasa binti ni mtu mzima na mama yake bado anakalia kigoda.

Jina la Bi Halo alibandikwa na majirani kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa mpokea simu wa hoteli, kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, feni mbovu juu, vitufe vya simu mbele. Maneno ya Kiingereza alitoka nayo shule. Hata hivyo alipoanza kazi nusura imponyoke. Wageni walimlalamikia kwa meneja: huyo dada wenu mbona anatufokea?

Naye alikuwa hajamfokea mtu. Alikuwa anawaomba wasubiri.

Meneja, mama mmoja asiyependa kurudia neno, alimwita. "Maneno yako hayana kasoro. Kasoro ni unavyoyashusha. Sisi tukiomba tunasema naomba, tafadhali, samahani, yamekwisha. Wao adabu nyingine wanaiweka kwenye sauti. Wewe kila sentensi unaitua kama gunia, mgeni anasikia amri. Jirekebishe, au nikupeleke kufua mashuka."

Alirudi nyumbani amevimba uso. Akamfuata mumewe kwenye kazi yake.

"Nisikilize nikisema Kiingereza."

"Mimi na Kiingereza wapi na wapi? Hata kalamu sijaishika."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Maneno hayatakuzuga."

Akachukua neno moja tu, yes, akalisema kila namna. Likishuka moja kwa moja, amekubali na habari imekwisha. Likipanda, nakusikiliza, endelea. Likianza juu kabisa na kuporomoka, amefurahi. Likilala chini bila kutikisika, amekuchoka. Fundi aliyashika yote upesi kuliko alivyotarajia mwenyewe. Kisha likaja moja lililoshuka na kuinuka kidogo mkiani. Fundi akatema misumari kiganjani.

"Huyo namjua. Ni mteja anayesema kochi zuri, huku bado analizunguka."

"Ehee! Ndiyo, lakini. Na hiyo lakini yenyewe haitamki."

Kuanzia siku hiyo fundi akawa mwalimu asiyejua somo. "Imelegea hiyo, vuta," alikuwa akisema. Au, "Umevuta mno mama, itachanika." Wakicheka, binti anaamka na kulia.

Mashuka hakuyafua. Alistaafu kwenye kiti kilekile. Wenzake wanakumbuka mgeni mmoja aliyepiga simu kusema chumba chake ni kizuri, na bafu pia, naye Bi Halo akamtuma fundi bomba.

"Amesema kizuri, naenda kufanya nini?"

"Nenda tu, baba."

Bomba la bafuni lilikuwa linatiririka.

Asubuhi ile ya kochi, baada ya chai, Bi Halo alikuwa anaosha vikombe. Kimoja kikamponyoka, naye akakaa chini taratibu, kama mtu aliyetafuta kigoda akakikosa. Walimpeleka hospitali, binti akaja mbio kutoka kazini. Daktari alikuwa mgeni, Kiswahili hajui. Binti akamuuliza kwa Kiingereza, palepale miguuni mwa kitanda, kama mama atarudi nyumbani.

"Yes," alisema daktari.

Binti akageuka, uso umekunjuka. "Amesema ndiyo, baba."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameisikia mwenyewe ile yes. Ilishuka, kisha ikainuka kidogo mkiani. Alimtazama daktari akipanga karatasi zake na kuondoka, akatamani lile sikio alilofundishwa liwe limekosea japo mara moja. Alimtuma binti maji ya kunywa.

Walipobaki wawili, Bi Halo akafungua macho. Sauti yake ilikuwa ndogo ila haikutetemeka.

"Kochi langu nitalikuta tayari nikirudi?"

Fundi hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni. Angeweza kusema ndiyo kama watu wengine. Midomo ikakataa kufunguka.

"Mmh," akasema.

Mkewe akatabasamu kwa upande mmoja. Akamshika kidole gumba, kile chenye kovu la nyundo. Alifariki kesho yake kabla ya wauguzi kubadilishana zamu, na kabla ya hapo alisema mengine machache, ya maji na ya mto wa kichwa. Lakini maneno ambayo Fundi anayahesabu kuwa ya mwisho ni haya, aliyoyasema akiwa bado amemshika kidole:

"Mmh yako imeinua mkia, Fundi, na ya daktari niliisikia pia. Usinidanganye kwa pua. Kaa hapa na mimi, na hilo kochi ukalimalize, ulikalie wewe."