Mnyoa kondoo aliyeambiwa "huna kitu"

Saa mbili asubuhi, umande haujakauka, na Khahliso Ramatsie yuko kwa kondoo wa nne. Anampindua, anamkalisha matako chini, anambana kwa magoti. Mkasi unaanzia tumboni, unapanda shingoni, unashuka ubavuni. Sufu inamwagika sakafuni, na kondoo anatoka mbio akiwa mwembamba ghafla.

Kisha Khahliso anaweka mkasi chini na kutoka nje. Punde amerudi. Hakuna aliyegeuza kichwa.

Miaka miwili iliyopita, banda zima la Ha Ralebona lingegeuka.

"Ndoo imevuja tena!" ndivyo alivyokuwa akipaza sauti mnyoaji mwenzake, Lekhooa, na wanaume wakacheka mpaka kondoo wakashtuka.

Khahliso ana miaka arobaini na mmoja, na ni mwanamke pekee anayenyoa katika banda hilo la milimani Lesotho. Malipo ni kwa kichwa cha kondoo. Ukitoka kwenda chooni, mwenzako anaendelea kunyoa.

Tumbo lilimsumbua tangu usichana. Leo linaharisha, kesho linafunga, kesho kutwa linajaa gesi mpaka sketi haifungiki. Hakuliita ugonjwa.

"Mama alikuwa hivyo, shangazi alikuwa hivyo," anasema. "Nilidhani ndivyo matumbo ya kwetu yalivyoumbwa."

Yaliyomwangusha ni mengine. Kiuno kilimuuma hata miezi isiyo ya kunyoa. Mapaja yalimuuma kama aliyepigwa fimbo. Kichwa kilimgonga. Haja ndogo ilimbana kila mara, na akitoka chooni alihisi hajamaliza. Na juu ya yote, uchovu.

"Nalala kwa muda wa saa tisa nzima, naamka nimechoka kuliko nilipolala. Ukimwambia mtu umechoka, anakujibu na yeye kachoka."

Wifi yake alisema ni mimba. Jirani akasema ni sukari. Wengine walinong'ona kwamba wanaume wa bandani wamemroga. Sukari ilipimwa, haikuwapo. Kwa miaka minane alimeza dawa za figo mara tatu na kupigwa picha ya mgongo mara mbili. Kila mahali jibu lilikuwa moja: mama, huna kitu.

"Hilo neno ni baya," anasema, na hapo sauti yake inakuwa kali. "Unarudi nyumbani na maumivu yako yaleyale, na juu yake umeshakuwa mwongo."

Msimu ule wa miaka miwili iliyopita, kondoo aliowanyoa walishuka kutoka thelathini kwa siku hadi kumi na wanane. Msimamizi, Ntate Sekhobe, yaani Bwana Sekhobe, akampa ufagio. "Fagia sufu mpaka upone," alimwambia.

Alifagia siku nne. Siku ya tano aliuegemeza ufagio ukutani, akapanda farasi wa mumewe, akaenda kituo cha afya kilicho ng'ambo ya mto. Huko alimkuta muuguzi mgeni, 'M'e Nthati, yaani Mama Nthati, mwanamke mfupi asiyekuwa na haraka. Alimsikiliza hadi mwisho, ndipo akauliza: "Na choo chako kikoje?"

"Nimekuja na mgongo, wewe unaniuliza choo?"

"Nijibu kwanza, mama. Halafu unigombeze."

Aliuliza kama kuna damu, kama amekonda, kama ana homa. Akachukua vipimo, akamtuma kwa daktari wilayani. Vyote vilirudi safi, ila safari hii hakuambiwa hana kitu. Aliambiwa ana ugonjwa wa utumbo unaokereka haraka. Hauonyeshi kidonda, lakini utumbo na ubongo wake havisikilizani vizuri, na wengi wenye ugonjwa huo huumwa pia viuno na vichwa, hukojoa mara kwa mara, huchoka bila kazi. Akashauriwa apunguze maharage na vitunguu.

"Kila aliyemtibu alishika kipande chake," anasema 'M'e Nthati. "Si kila kiuno kinachouma kinatokana na tumbo, ndiyo maana tulipima kwanza. Lakini lazima mtu aulizwe habari zake zote."

Mumewe, Sekoati, alicheka. "Tangu lini maharage yakaumiza mgongo? Nimechimba migodini miaka kumi na mitano, sijasikia!"

Khahliso hakubishana naye. Alichukua daftari, akaandika kila siku alichokula, choo, kiuno, usingizi. Wiki ya sita Sekoati alilisoma mwenyewe. Siku za tumbo bovu ndizo zilizokuwa siku za kiuno kibovu. Alilifunga, akaenda jikoni, akatoa vitunguu kwenye sufuria.

Msimu uliofuata, Khahliso alimwendea msimamizi mbele ya watu wote. Aliutaja ugonjwa wake kwa jina, akaomba nafasi iliyo karibu na mlango.

"Banda si hospitali, mama," alisema Ntate Sekhobe.

"Hesabu kondoo, Ntate. Usihesabu safari zangu."

Alipewa wiki moja. Siku ya kwanza alinyoa ishirini na wawili. Siku ya tatu kiuno kilimlaza, hakuja kabisa. Siku ya nne alirudi, na jioni ya mwisho alifikisha thelathini na mmoja. Ufagio akapewa mtu mwingine.

Hajapona. Anakula kidogo kidogo, anameza kidonge kimoja kabla ya kulala, na zipo siku mbaya ambazo hutambaa kutoka kitandani. Lekhooa naye hapigi tena kelele. Mwezi uliopita alimfuata nyuma ya zizi, akalivuta mabegani blanketi alilojitanda, akauliza kwa sauti ya chini kituo cha yule muuguzi kinafunguliwa siku gani.

"Ni kwa ajili ya mke wako?" Khahliso alimuuliza.

"Wewe niambie siku tu, dada."

Mwezi ujao kuna mashindano ya kunyoa wilayani. Mwanamke hajawahi kuingia. Khahliso amekwishakwenda kujiandikisha, na kwenye fomu, penye swali la ugonjwa, alijaza mistari yote mitatu. Karani alisoma, akainua macho, akauliza kama bado ana nia ya kushindana.

"Nimepanda farasi kwa muda wa saa nne kufika hapa," alimjibu. "Andika jina langu vizuri, kwa herufi kubwa. Siku hiyo litasomwa kwenye kipaza sauti."