Mama wa Sauti ya Tatu

Kwaya yetu hukutana Alhamisi jioni katika shule moja ya msingi pale mtaa wa Nyalenda, watoto wakishaenda nyumbani. Si kwaya ya kanisa fulani. Tuna waumini wa makanisa mengi, tuna akina mama wawili Waislamu, na kwenye besi tuna mzee Mhindi, Sikh mwenye duka la misumari na mabati, ambaye Kijaluo chake kinashinda cha watoto wangu mwenyewe. Hatujawahi kushinda mashindano yoyote. Tunaimba kwenye harusi, kwenye matanga, na popote tutakapoitwa na kupewa chai.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuimba kwaya, acha nieleze kidogo. Wimbo mmoja huwa na sauti nne. Ya kwanza ni ya wanawake wa sauti za juu, na ndio wanaobeba wimbo wenyewe, ule ambao msikilizaji huondoka akiuimba njiani. Ya pili ni wanawake wa chini kidogo. Ya tatu ni wanaume wa sauti nyembamba, nami ni mmoja wao, na ya nne ni besi. Mwalimu huandika do, re, mi ubaoni, kisha kila sauti huenda kona yake kujifunza. Wa kwanza hukaa darasani, wa pili barazani, besi huenda kwenye tangi la maji. Sisi wa sauti ya tatu hujifunzia nyuma ya vyoo, kwa sababu sisi ni wachache na hatuna wa kututetea. Tukishashika, tunarudi kujipanga pamoja: wanawake mbele, wanaume nyuma, sisi tukiwa nyuma kabisa ya sauti ya kwanza, tukiwaimbia visogoni.

Mwalimu wetu alikuwa na desturi moja ambayo sote tuliiona ya busara. Mwanamke mgeni huanzia sauti ya kwanza. Wimbo unaobebwa na sauti hiyo ni rahisi kuushika kwa sikio, na mgeni asiyejua do, re, mi hatapotea. Akizoea, mwalimu huamua kama atabaki.

Hivyo ndivyo alivyopangwa yule mama wa Kibuye. Alikuwa mjane aliyetoka upande wa Pap Onditi, akapanga chumba Nyalenda, na kuuza nguo za watoto za mitumba pale soko la Kibuye. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara, alikutana naye kwenye bomba la maji na kumleta akiwa amemshika mkono, kana kwamba angetoroka.

Mimi ndiye hufundisha wageni kusoma noti. Napenda kazi hiyo, kwa kuwa hakuna mtu asiyeweza. Kuna tu mtu ambaye hajaonyeshwa polepole. Mama huyu alishika haraka sana. Nikionyesha noti ubaoni, yeye anaitaja kabla sijamaliza kuinua kijiti. Jioni moja, tukifuta ubao, nilimuuliza kama amezoea mji.

"Sokoni naongea kutwa nzima," akaniambia. "Lakini wote wananunua. Alhamisi ndiyo siku naongea na mtu ambaye hataki kupunguziwa bei."

Alicheka, nami nikacheka. Lakini maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani.

Kwa hiyo, alipokosa mazoezi, nilijua kuna jambo. Alikosa tena Alhamisi iliyofuata. Sisi tuna sheria isiyoandikwa popote: mtu akikosa mazoezi mawili mfululizo bila kutuma neno, ana mgonjwa au ana msiba, na kwaya lazima imfuate. Haijawahi kutupitia akilini kwamba anaweza kuwa na sababu nyingine. Tukachanga unga, sukari, sabuni na mkate. Jumamosi jioni tukaenda, kundi zima, tukipita mmoja mmoja kwenye vichochoro huku tukiruka mitaro, mwalimu akitukumbusha kwa sauti ya chini kuanza na wimbo wa faraja, "taratibu, msimshtue mgonjwa."

Tulipokaribia mlango, mwenyekiti aliinua mkono. Tukasimama.

Ndani kulikuwa na mtu anaimba. Wimbo ulikuwa wetu, ule mpya tuliokuwa tukijifunza, na sauti ilikuwa ya chini, nzito kiasi, ikienda bila haraka.

"Yawa, jamani," mwenyekiti akanong'ona. "Kuna mwanaume ndani."

Tulitazama unga.

"Tunabisha ama tunarudi?" akauliza mama mmoja wa sauti ya pili.

"Mimi siwezi kubisha," mwenyekiti akajibu. "Mimi ni mtu mzima."

"Na huu mkate?"

Mzee wa duka la mabati alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza. "Lakini hiyo ni sauti ya tatu," akasema. "Si kila siku mnalia hamna watu? Bibi ametutafutia mmoja. Tuingie tumchukue!"

Mwenyekiti alijiziba mdomo kwa leso, lakini kicheko chake si cha kuzibwa. Kilitoka. Uimbaji ukakatika, mlango ukafunguliwa, na mama wa Kibuye akasimama mbele yetu na pasi ya makaa mkononi, nyuma yake rundo la suruali ndogo za watoto zikingoja kunyooshwa. Alitutazama sote, akatazama unga.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Tulidhani ni wewe," mwenyekiti akasema, huku macho yake yakichungulia nyuma ya pazia. "Yaani, wewe mgonjwa. Mgeni wako yuko wapi?"

"Mgeni gani?"

"Huyo bwana anayeimba."

Mama akaweka pasi chini na kufunika uso kwa mikono yake miwili. Tulidhani analia, kumbe anacheka kwa aibu.

Hapakuwa na bwana yeyote. Alikuwa ni yeye.

Tukaketi, wengine kitandani, wengine kwenye marobota ya nguo, wengine tukabaki mlangoni. Alitueleza akiwa hatutazami. Tangu aje kwetu, noti za juu zilimshinda. Alijaribu, koo likakauka. Baadaye akawa anafungua mdomo tu na kuufunga, huku akisikiliza wale waliosimama nyuma yake. Ndiyo maana alijua sauti ya tatu yote, nyimbo zote, bila kufundishwa na mtu. Alikuwa ameacha kuja kwa sababu hakutaka siku moja mwalimu apite karibu naye na kugundua kwamba hakuna kinachotoka, kisha amwambie akae na watazamaji.

"Afadhali niondoke mwenyewe," akasema.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Imba tena," akamwambia. "Anzia pale ulipoachia."

"Hii si sauti ya mwanamke, Mwalimu."

"Nimekuambia imba, sijauliza ni ya nani."

Akaimba, kwa woga, akitazama suruali zile. Mimi na wenzangu wawili wa sauti ya tatu tukajiunga, pale mlangoni. Sijui nieleze vipi. Mtu akijaza pengo ambalo umelizoea, ndipo unajua lilikuwa pengo. Mwalimu alifumba macho na kusema kwamba kosa ni lake: alimweka mama mahali kwa kumtazama, badala ya kumsikiliza.

Lakini jambo halikuishia hapo. Mama alikubali sauti, hakukubali mahali.

"Mimi ni mjane," akasema. "Nikisimama katikati ya waume za watu, kesho kwenye bomba la maji nitaitwa nani?"

Hilo halikuwa jambo la kupuuza, na mjane yeyote wa huku kwetu atakuambia hivyo. Hakuna aliyemwambia asijali. Mzee wa mabati tu ndiye alijikuna ndevu na kusema, "Mimi nimesimama na nyinyi miaka yote hii. Mwanzoni wakauliza, huyu Mhindi anatafuta nini? Siku hizi wanauliza tu kwa nini nimechelewa."

"Wewe ni mzee," mama akajibu. "Wewe ukitafuta, utapata nini?"

Chumba kizima kilicheka, mzee mwenyewe zaidi.

Ni mwenyekiti aliyepata njia. Yeye ni wa sauti ya pili. "Mwalimu, sisi utupeleke nyuma, kando ya sauti ya tatu," akasema. "Besi waje mbele. Mimi nitasimama pembeni kabisa, bega kwa bega na huyu mama. Atakuwa na wanaume mkono huu na mimi mkono huu. Anayetaka kusema, aanze na mimi."

Mama hakusema ndiyo. Alitukaribisha chai, akatumia sukari yetu wenyewe, na tukarudi nyumbani bila jibu.

Alhamisi nilifika mapema kuliko kawaida, nikajifanya nafuta ubao uliokuwa safi. Mama alikuja wengine wakiwa wameshaanza kwenda kona zao. Alisimama kidogo mlangoni pa darasa, wanawake wa sauti ya kwanza wakampungia mkono, naye akawapungia, akawapita. Akaja moja kwa moja nyuma ya vyoo.

"Omera, ndugu yangu, sogea, mama apate kivuli," mmoja wetu akamwambia mwenzake.

"Kumbe huku ndiko mnajifichia," mama akasema, akiziba pua. "Sasa najua kwa nini mnaimba kama watu wenye haraka."

Mpangilio mpya uliwafaa hata besi. Mzee wa mabati alifurahi sana kuwekwa mbele. Alisema miaka yote hiyo watu walikuwa wakiona kilemba chake tu.

Tuliuimba ule wimbo kwa mara ya kwanza kwenye harusi, ufukweni Dunga, upepo wa ziwa ukivuta magauni. Tulipofika mahali ambapo sauti nyingine hunyamaza na sisi kubaki peke yetu, mahali ambapo kwa kawaida huwa tunachungulia viatu, watu walianza kugeuza shingo wakimtafuta anayeimba hivyo. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alinyanyuka kabisa kwenye kiti na kunyoosha kidole. Mama alimwona, akasita, nikaogopa. Mwenyekiti akamsukuma kidogo kwa bega. Akaendelea, kwa nguvu zaidi, na yule bibi akapiga kigelegele.

Baadaye tulikaa kula samaki na ugali, kila sauti na sinia lake, maana kwetu watu hula walivyosimama kuimba. Wenzangu walikuwa wakibishana naye kuhusu mahali pa kuvuta pumzi, naye akiwaonyesha kwa kipande cha ugali mkononi. Wanawake wa sauti ya kwanza wakamwita kutoka sinia lao: "Mama, njoo huku kwa wanawake wenzako!"

"Nakuja," akawajibu, bila kugeuka. "Acheni kwanza nimalizane na watu wangu."